Mankova: kabla hujabonyeza OK, jiulize kovarieti yako umeipima lini

Wadogo zangu mnaoandika tasnifu, wiki hii nimepigiwa simu na wawili wenye shida ile ile ya kuchagua kovarieti (kipimo cha pembeni unachokisawazisha kwenye hesabu) iliyonitesa mimi nilipokuwa nakusanya data mwaloni, wanaposhushia samaki, Kibirizi hapa Kigoma, kwahiyo naandika mara moja msome wote.

Nilikuwa nalinganisha dagaa wanaokaushwa kwa njia tatu, mchangani moja kwa moja, juu ya nyavu zilizotandikwa chini, na kwenye vichanja. Kila sampo naipima unyevu, protini na mchanga uliobaki ndani. Sasa ukipiga anova (jaribio la kulinganisha wastani wa makundi kwa tokeo moja) tatu mbalimbali, kila moja kwa kiwango cha 0.05, uwezekano wa kudanganyika angalau mara moja na tofauti isiyokuwepo unafika kama asilimia 14 (hapo vipimo vikiwa havihusiani), halafu huoni jinsi vipimo vinavyokwenda pamoja. Manova inavibeba vyote vitatu kwa mpigo. Ukiongeza kitu kilichokuwa kinatofautisha sampo toka mwanzo, mfano ukubwa wa dagaa, hicho ndo kovarieti, na manova ndo inakuwa mankova, na ankova ni hivyo hivyo ila tokeo linakuwa moja. Majina yasiwatishe.

Kazi iko kwenye kovarieti. Mimi niliweka siku za kukausha, maana dagaa wa mchangani walikaa siku nyingi kuliko wa kichanja, nikasema ngoja nizisawazishe ili haki itendeke. Nikarani kwenye SPSS, programu ya takwimu, tofauti ya unyevu ikapotea yote. Nililiangalia lile jedwali usiku kucha, wakati mchana wake nimeshika dagaa kwa mkono wangu, wa kichanja ukimkunja anakatika, wa mchangani anapinda tu.

Kesho yake nikamuuliza mama mmoja anayeanika pale, mbona wa chini wanachelewa? Akanambia, "Mwanangu, chini upepo utapita wapi? Kichanjani anapigwa juu na chini." Hapo ndo nikaelewa, siku hazikuwa kitu cha pembeni, ni kichanja chenyewe ndo kimezipunguza, kwahiyo nilivyozisawazisha nilikuwa naifuta ile ile athari ninayoitafuta. Na kwa kuwa siku na njia ya kukausha vilikuwa karibu vinasema jambo moja, programu haikuwa na namna ya kuvitenganisha.

Kovarieti pima kabla njia zako hazijaanza kufanya kazi. Nilirudi upya, na ilibidi nisubiri kwanza maana mbalamwezi ilikuwa imewaka na wavuvi wa taa hawaingii ziwani, zikarudi siku za giza nikawa nipo mwaloni alfajiri na rula, napima urefu wa dagaa kabla hawajaanikwa, na kila beseni naligawa kwenye njia zote tatu bila kuchagua.

Ukishapata data safi, anza na muingiliano wa kundi na kovarieti. Ukiwa na maana kitakwimu, ujue mistari ya makundi (tokeo dhidi ya kovarieti) haiendi sambamba, yaani huenda kichanja kinawasaidia dagaa wakubwa kuliko wadogo, sasa hapo mankova ya kawaida usiilazimishe, elezea huo muingiliano wenyewe. Baadae ndo unaangalia Box's M, jaribio la kuona kama mtawanyiko wa vipimo unafanana kwenye makundi yote. Yangu ilikataa kabisa, kwa sababu mchanga wa kwenye kichanja ulikuwa karibu na sifuri kila sampo na wa mchangani unapanda na kushuka, ila makundi yangu yalikuwa sawa kwa idadi kwahiyo nikaripoti Pillai, moja ya takwimu nne ambazo mankova inakupa, ambayo inavumilia hali hiyo kuliko Wilks, Hotelling na Roy. Ukiwa na makundi mawili tu usihangaike kuchagua, zote nne zinatoa jibu moja. Na ukishuka kwenye ankova moja moja, gawa 0.05 kwa tatu, iwe 0.0167.

Huyu mmoja aliyenipigia analinganisha njia mbili za kufundisha hesabu, na kovarieti ameweka mahudhurio ya wanafunzi ya muhula huo huo. Mdogo wangu, kama njia mpya inawapendeza watoto si ndo maana wanakuja darasani? Alama za mtihani wao wa mwaka jana zipo kwa mwalimu wa taaluma, kaziombe hizo Jumatatu kabla hujarani chochote.