Re: Ghorofa la fleti Upanga, wakazi tuna sauti kuhusu foleni?

Ndugu, umeuliza kama wakazi tunaweza kusema lolote kuhusu foleni kabla ghorofa hilo la fleti hapa Upanga, Dar es Salaam, halijaanza kujengwa. Tunaweza, na wakati ni sasa, kabla mabati ya uzio hayajasimama.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wanaoguswa washirikishwe. Anzieni ofisi ya serikali ya mtaa, ulizeni kama mshauri anayefanya tathmini hiyo ameshapita, kisha pelekeni maoni kwa maandishi NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Maneno ya kibarazani hayaingii kwenye faili.

Ila msiandike "foleni itazidi" mkaishia hapo. Hesabuni. Mimi nimekaa Upanga miaka mingi. Saa moja asubuhi mtaani kwetu gari moja likisimama kushusha mtoto wa shule, lori la taka nyuma yake halipiti, na nyuma ya lori kuna watu wanaowahi hospitali ya Muhimbili, wengine na mgonjwa kiti cha nyuma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Simameni kwenye kona siku tatu, mhesabu magari, mpige picha yale yanayolala barabarani.

Halafu ulizeni fleti ni ngapi, maegesho ya ndani ni mangapi, na geti litatazama mtaa upi. Nyumba zinahitajika mjini, sizipingi. Lakini geti likihamishwa tu upande wa barabara pana, nusu ya kero inaweza kuondoka.