Re: Lugha ya mtaani kwenye riwaya ya vijana wa Dar

Mkuu, umeuliza uweke misimu, yaani maneno ya mtaani, kiasi gani kwenye riwaya yako ya binti wa kidato cha pili anayeishi Manzese. Masimulizi yaache kwenye Kiswahili sanifu, misimu iwe kwenye mazungumzo, neno moja au mawili kwa kauli. Ukizidisha, msomaji wa Tanga au Kigoma anaachwa njiani.

Chagua yaliyokomaa. "Buku" (shilingi elfu moja) na "jero" (mia tano) yamedumu miaka mingi. Neno lililozuka mtandaoni mwezi jana litakuwa limechuja kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Maana ijitokeze kwenye tendo, usiweke mabano:

"Una jero?" Akampa sarafu ya mia tano, akabaki mikono mitupu.

Kingine: hakuna kijana anayesema "hali ya usafiri ni ngumu". Onyesha kituoni:

"Wanafunzi wawili tu! Wengine subirini linalokuja!"

Hapo umeshapata konda, sare na kuchelewa namba ya asubuhi shuleni. Kiwango cha nauli usikitaje, hubadilika.

Sura ziwe fupi, maneno 1,200 hadi 1,500, maana wengi watasomea kwenye simu. Kata sura pale binti anapotakiwa kuamua, si anapolala.

Kinachoua riwaya nyingi za aina hii ni mjomba au mwalimu anayeibuka mwishoni kutatua kila kitu na kutoa mawaidha kurasa tatu. Mjomba abaki, ila atoe nauli tu. Uamuzi ni wa binti, hata akikosea.