Kuwa dereva wa treni ya abiria: huhitaji digrii, unahitaji utulivu

Ndugu yangu, umeuliza kama lazima usomee uhandisi kwanza ndipo uendeshe treni ya abiria. Hapana. Kampuni nyingi za reli huchukua waliomaliza sekondari na kuwafundisha zenyewe. Wengi huanza kama kondakta au kwenye treni za mizigo.

Kabla ya darasa kuna vipimo vya afya. Macho hukaguliwa sana, hasa uwezo wa kutofautisha nyekundu, kijani na njano, maana taa za ishara ndizo zinazokuongoza. Usikivu nao hupimwa. Nakusihi upime macho sasa, kabla hujaacha kazi uliyonayo.

Darasani utasoma kanuni, ishara na breki za upepo. Lakini ugumu wenyewe ni kuijua njia. Chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi kwenye lami: treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa huweza kuhitaji zaidi ya kilomita nzima kusimama. Ukisubiri mpaka uione stesheni, umeshachelewa. Kwa hiyo unakariri kila mlima, kila kona, kila mahali pa kuanza kupunguza mwendo, hata usiku wa ukungu. Utapita njia hiyohiyo mara nyingi ukiwa na dereva mzoefu pembeni. Muulize kila kitu, tena andika.

Mafunzo huchukua mwaka mmoja au zaidi. Zamu huanza hata saa tisa usiku, kwa hiyo zungumza na familia yako mapema.