Re: Wiki ya skii Alps kwa mtu wa Mikindani

Mkuu umeuliza kama wewe ambae hujawahi kugusa theluji unaweza kuungana na shemeji yako wiki nzima ya skii (zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea kwenye theluji) milima ya Alps, toka Chamonix ya Ufaransa mpaka Zermatt ya Uswisi. Mwaka huu sahau aisee. Ile sio ya kupandishwa na lifti halafu unateleza, pale unapanda mwenyewe, chini ya skii mnabandika ukanda wa manyoya yanayolalia upande mmoja, ukisukuma mbele unateleza ukitaka kurudi nyuma unang'ang'ania, hivyo hivyo masaa na begi mgongoni mpaka kibanda cha kulala, vingine viko juu ya mita 3,000. Alfajiri mnatoka mapema maana jua likichoma theluji inalainika na kuporomoka.

Na kila mtu anavaa kifaa cha kutoa mawimbi ili wenzake wamtafute, ana koleo na fimbo ndefu ya kudunga kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, coz ukifukiwa na theluji wanaokuwahi ni wenzako, helikopta badae.

Pumzi utaipata hata kwa kupanda kilima cha Newala na mzigo, ila kushuka huku kwetu hakuna pa kujifunzia. Mwambie shem akutafutie kwanza mwalimu kwenye miteremko ya kawaida, na bima inayolipia uokoaji mlimani usiiache.