Picha za kumkumbusha mwenye usonji: mmeuliza, najibu

Toka niseme mdogo wangu wa miaka 19 mwenye usonji (autism) anajiandaa asubuhi kwa kuangalia picha kwenye simu, meseji hazijakata. Mimi sio daktari jamani, nina stesheneri yangu hapa Kilombero Arusha, napiga fotokopi na leminesheni, ila haya mambo nimeishi nayo ndani ya nyumba kwa hiyo najibu ninayoyajua.

Mwanangu ana miaka 6, haongei sana, asubuhi kumuandaa shule ni vita. Nipakue aplikesheni gani? Mama, Sakina

Dada usinikasirikie, aplikesheni iache iwe ya mwisho. Zipo, Tiimo ya Denmark inapanga siku nzima kwa picha na rangi, Choiceworks ipo kwa wenye iPhone na iPad, ila nyingi ni za Kizungu na vile vitu vizuri ndani mpaka ulipie. Na shida yenyewe wala sio hela, ni picha. Mimi nilimuwekea mdogo wangu moja, kwenye kuoga ikaleta lile bafu la kulala ndani, kwenye usafiri ikaleta basi la njano la shule za Marekani, sasa mtu anaoga ndoo na kopo na anapanda hais ya Kwa Mrombo, ataelewaje hapo, alichofanya ni kunirudishia simu yangu akaondoka zake.

Piga picha ndoo yenu nyie, kopo lake, yunifomu yake ikiwa imetundikwa palepale inapotundikwaga, kikombe chake cha uji. Nyuma weka shuka lisilo na maua ili jicho lisihangaike. Anza na picha 4, zisizidi 5, toa kopi, piga leminesheni, nyuma bandika ile inayonata ya viatu vya watoto, uzipange ukutani kutoka juu kwenda chini, akimaliza kitu anabandua mwenyewe anatia kwenye mfuko wa "tayari". Kile kitendo cha kubandua usikifanye wewe hata kama mmechelewa, ndo kinachomwambia hiki kimeisha, kinachofuata ni hiki. Hii ratiba ya picha sio ya juzi, kina Eric Schopler na mpango wao wa TEACCH wa kufundisha wenye usonji kule North Carolina, Marekani, walikuwa wanaitumia toka miaka ya 1970 na hapo simu janja hakuna hata ya kuota. Akishazoea ukutani ndo unahamishia picha zilezile kwenye simu.

Vile ambavyo huwezi kupiga picha, mfano kusubiri, au naumwa, ingia tovuti ya ARASAAC, ni ya jimbo la Aragon kule Hispania, ina maelfu ya michoro ya bure, ruksa kutumia nyumbani na shuleni ila sio kuuza.

Mjukuu wangu akizoea hizo picha si ndo hataongea kabisa? Bibi, Kiborloni

Shikamoo bibi. Hapana, na hili limeshachunguzwa sana, picha hazizuii mtoto kuongea, wengine ndo wanaanzia hapo. Kuna mbinu inaitwa PECS, waliianzisha Andy Bondy na Lori Frost Marekani mwaka 1985, mtoto anakupa picha ya kitu anachotaka na wewe unampa kile kitu. Akikupa ya ndizi, sema "ndizi", mpe. Usimbanie mpaka aseme kwanza, hapo utamfundisha kulia tu.

Nimeseti alamu ya kuamka saa 1 asubuhi, imelia usiku wa manane, mtoto kakesha na nyumba nzima imekesha. Baba, Rau

Kaka pole, nimecheka lakini pole. Uliandika 1:00 si ndio? Hiyo kwa simu ni saa 7 usiku. Saa 1 asubuhi yetu ni 7:00 AM, saa 2 ni 8:00, ongeza 6 kila mara. Na kama alamu yako inatamka maneno, sauti ya mashine ikisoma "oga" inasoma kama mzungu wa safari, bora urekodi yako.

Alamu wakati mwingine hailii kabisa, na ikilia anaziba masikio. Mama, Pasua

Kutolia, hiyo mara nyingi ni ile seti ya kubana chaji, inaua programu zikiwa nyuma. Nenda kwenye betri, tafuta hiyo aplikesheni, iruhusu ifanye kazi bila kubanwa. Kuhusu masikio, zima sauti uache mtetemo, au chukua taima ya duara ambalo rangi inapungua kidogo kidogo, anauona muda unaisha badala ya kushtuliwa.

Nina miaka 24, mwenye usonji ni mimi mwenyewe, niko bekari Njiro. Bosi akitoa maagizo matatu kwa mdomo la pili limeshapotea, na naona aibu kutoa simu yenye vikatuni mbele ya wenzangu.

Mdogo wangu, nani kasema vikatuni? Piga picha za kazini kwako, mashine ya kukandia, trei, oveni, kishelfu cha mikate, ziweke juu ya noti kwenye Google Keep, ile aplikesheni ya kuandika noti, chini yake andika orodha ya kutiki, mtu akichungulia ataona mtu wa kazi na orodha yake. Fundi seremala anaandika vipimo kwenye mbao na hakuna anayemcheka. Bosi naye muombe hivi tu, "naomba unitumie kwa meseji nisikosee", huna haja ya kumueleza maisha yako yote kama hutaki. Halafu tengeneza orodha ya pili ya siku umeme ukikatika, maana najua kwa mdogo wangu wa nyumbani, kinachomvuruga sio kazi nyingi, ni kazi iliyobadilika ghafla na hakuna picha inayosema sasa tunafanya nini. Mimi nimemuwekea kadi moja ya njano, "leo kuna mabadiliko", naitoa mapema kabla ya kitu chenyewe, na bado kuna siku haisaidii.

Nikimpa simu aangalie ratiba anakimbilia video, ana miaka 3. Mama, Moshi mjini

Mama, WHO mwaka 2019 walisema wa miaka 2 mpaka 4 skrini isizidi saa moja kwa siku, kwa umri huo mbandikie ukutani tu. Akikua, Android ina sehemu ya kubana programu moja isitoke mpaka uweke namba ya siri, iPhone wanaita Guided Access. Au chukua ile simu yako ya zamani iliyopasuka kioo, futa kila kitu, bakiza ratiba, laini usiweke na waifai usiwashe.