Barua kwa mwanangu: aliteka nini?

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na zile kurasa ulizozipiga picha nimezisoma kwa simu ya nduguyo, maana yangu kioo kimepasuka. Nimecheka peke yangu jikoni. Pale bibi wa hadithi yako anapopewa habari za mjukuu, "akateka hata matozi yakamtoka", mhariri kapiga duara jekundu na kuandika pembeni: "Aliteka nini? Maji?" Hajui kwamba kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kuteka ni kucheka na matozi ni machozi. Kisha kila "mato" kayafanya macho, "ndoo hapa" ikawa njoo hapa, na kitwa cha bibi kikageuka kichwa.

Waniuliza ukubali ili kitabu kitoke mwaka huu, au ukirudishe. Tena waniuliza habari za yule mama wa Kihindi niliyekuwa nikimsoma Delhi kando ya kitanda cha bibiyo, yule aliyekizuia kitabu chake kikiwa mtamboni: ilimfaa nini?

Nianze na yeye. Krishna Sobti, mwandishi wa riwaya kwa lugha ya Kihindi, alizaliwa 18 Februari 1925 katika mji wa Gujrat, Punjab, upande ambao leo ni Pakistan. Nchi ilipokatwa mapande mawili 1947, akajikuta yuko India na kwao kuko ng'ambo ya mpaka. Akapata kazi ya kumlea na kumfundisha maharaja wa Sirohi, ambaye bado alikuwa mtoto mdogo. Sirohi iko karibu na Gujarat nyingine, ile ya India, na uzeeni aliyaandika hayo katika kitabu ambacho jina lake ni safari yenyewe: kutoka Gujarat ya Pakistan hadi Gujarat ya Hindustan.

Mwaka 1948 alimpelekea hadithi fupi Agyeya, mhariri wa jarida la Pratik. Ni habari ya Shahni, mama mzee mwenye jumba kijijini, siku anapotolewa kwake akaacha kila kitu nyuma. Agyeya akaichapa vilevile, hakugusa neno. Sobti mwenyewe alisema ndilo lililompa moyo wa kuendelea kuandika. Wewe ukimpata mhariri wa namna hiyo, mwombee dua.

Miaka minne baadaye akapeleka riwaya yake ya kwanza, Channa, kwa Leader Press wa Allahabad. Wakaikubali, mtambo ukaanza kazi. Kurasa za kusahihisha zilipomfikia, akaona maneno yake ya Kipunjabi na Kiurdu yameng'olewa na mahali pake pamepandwa ya Kisanskriti. Wanakijiji wake wamevikwa ulimi wa kuazima. Ufahamu na wakati wenyewe: nchi imegawanyika juzi tu, Kihindi kinapepetwa kama mchele wa arusi, na neno lenye harufu ya Kiurdu laonekana ni la upande wa pili. Akapeleka telegramu wasimamishe. Nakala zilizokwisha kuchapwa akazilipia mwenyewe ziharibiwe. Alikuwa na miaka 27, mdogo kuliko wewe.

Hilo la kulipa usilipite mbio. Watu wakiisimulia habari hii husema "alikataa". Kukataa hata mbuzi hukataa. Yeye alikataa kisha akatoa pesa mfukoni.

Sasa, ilimfaa nini? Kwa miaka mingi sana Channa haikumfaa kitu. Aliendelea na vingine. Mwaka 1966 akatoa Mitro Marjani, na hicho ndicho ningetaka ukisome kwanza. Mitro ni mke wa kijana mmoja katika nyumba ya ukoo mzima, wakwe na mashemeji chini ya paa moja, na anayataja matamanio ya mwili wake bila kushusha sauti. Mambo ambayo kwetu mwari huambiwa na somo yake, mlango umefungwa, Mitro anayasema mbele ya mama mkwe. Wasomaji wengine walishika vichwa. Wengine, nadhani wanawake wengi, walijifunika khanga wakacheka.

Halafu Sheila Sandhu, aliyekuwa akiiendesha kampuni ya uchapishaji ya Rajkamal Prakashan, akamshawishi airudie ile kazi ya zamani, Channa. Sobti akaiandika upya, na 1979 ikatoka kwa jina la Zindaginama. Haina shujaa mmoja. Shujaa ni kijiji cha Punjab mwanzoni mwa karne ya 20, Waislamu, Wahindu na Masingasinga, na mazungumzo yao, nyimbo zao, mavuno na kesi zao. Mwaka 1980 kikampatia tuzo ya Sahitya Akademi, baraza la fasihi la taifa la India, mwanamke wa kwanza kuipata kwa kazi ya Kihindi. Hesabu mwenyewe: miaka 28 tangu ile telegramu. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, yaani nimekula pilau iliyotolewa bizari, lakini hata hivyo nimeshiba.

Kuna mahali simsifu. Amrita Pritam, mshairi wa Kipunjabi, alitoa kitabu chenye neno zindaginama katika jina lake. Sobti akampeleka mahakamani 1984. Kesi ikaenda miaka 26 na ushei. Pritam akafa 2005 haijesha, na 2011 Sobti akashindwa. Neno lenyewe la Kiajemi, zindagi ni maisha, nama ni kitabu. Mama aliyepigania maneno ya wanakijiji akataka kumwekea mwenziwe ua kwenye neno. Ukaidi ni uleule, siku hiyo tu ulimpeleka kombo.

Ukaidi huohuo ulimfanya aikatae nishani ya serikali ya Padma Bhushan 2010, na 2015 akairudisha tuzo ya Akademi kulalamikia mauaji ya chuki. Alifariki Delhi 25 Januari 2019, na miaka 93. Mwaka huohuo Channa yenyewe, ile ya awali, ikatoka, maneno yake ndani.

Kile nilichokisoma kando ya kitanda ni Ai Ladki, maana yake "wee msichana". Mama mgonjwa amelala, hatainuka tena, na binti yake asiyeolewa yuko kando, pamoja na muuguzi aitwaye Susan. Mama hakubali kwenda kimya. Anasimulia uzazi na raha ya kuwa hai, anamgombeza binti, anamtania, anamgombeza tena. Usiku nilikuwa namfasiria bibiyo polepole, kwa Kimvita chetu. Nikinyamaza nikidhani kalala, anafumbua jicho moja: "Ndoo. Rudia hapo anapomtukana."

Basi nilipoona kwenye kurasa zako "ndoo hapa" imekatwa kwa wino mwekundu, nimejua ni sauti ya nani.

Mhariri wako simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Hata sisi wa Mombasa tusijifanye wageni, maana ni hapahapa mjini kwetu walikoketi wakubwa wa kikoloni 1928 wakaamua Kiswahili sanifu kitokane na cha Unguja. Mweleze kwa adabu: pale unaposimulia wewe, asahihishe atakavyo, hata mimi "kuteka" lingenikwaza nikiwa mtu wa Kisumu. Lakini kinywani mwa bibi asiguse. Akitaka, aweke faharasa ya maneno mwishoni.

Wakisema kurasa zimekwisha kupangwa na kuzirudia ni gharama, usigombane nao. Uliza ni shilingi ngapi, uniandikie kabla ya Ijumaa. Jumamosi chama chetu kinagawana, na mara hii zamu ni yangu.

Mamako