Mthamini wa benki hakuja kwa ajili yako

Mpwapwa, 14 Septemba

Sechelela, mama yangu,

Mbukwa. Huku hatujambo. Magoti ya mama yako yametulia tangu joto lianze, na mbuzi wa shangazi yako amezaa mapacha.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unauliza kwa nini nang'ang'ania mhandisi aikague ile nyumba unayotaka kununua Mkonze, hapo Dodoma, wakati ni mpya, benki imeshatuma mthamini, fundi wa rafiki yako ameitazama akasema iko sawa, na dalali anakuambia kuna mteja mwingine mwenye fedha taslimu. Simu ya huku inakatikakatika, ndiyo maana nimeona niandike.

Nianze na mthamini. Yule hakuja kwa ajili yako. Kazi yake ni kuiambia benki kwamba mkopo ukikushinda, nyumba ikiuzwa itarudisha kiasi gani. Anapima vyumba, anatazama kiwanja, barabara, na bei za majirani, anaandika thamani. Hapandi darini wala hafunui shimo la choo. Fundi naye simsemi vibaya, lakini ndiye utakayemwita kesho kurekebisha, na amekuja kwa hisani ya rafiki. Dalali hapati kitu mpaka nyumba iuzwe. Kila aliyekuambia nyumba ni nzuri ana chake anachokitazamia. Wewe unahitaji mtu mmoja unayemlipa mwenyewe, ambaye malipo yake hayabadiliki, ununue au usinunue.

Labda hukumbuki nyumba yetu ya kwanza pale Dodoma, ulikuwa hujaanza shule. Tuliinunua mwezi wa nane. Rangi mbichi, kuta laini, milango inafunga kwa kidole kimoja. Mvua za Desemba zilipoingia, mlango wa chumba chetu ukagoma. Kufika Februari kulikuwa na ufa kutoka kona ya dirisha unapanda mshazari hadi kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, na shilingi ya sarafu inaingia. Nyumba ilikaa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka, na msingi usiokwenda chini vya kutosha unabebwa juu na kushushwa kila mwaka. Aliyetuuzia alikuwa ameziba nyufa za mwaka uliopita kwa skimu, ule unga laini wa kulainisha ukuta, akapiga rangi juu yake. Tulitumia akiba ya miaka minne kushika ule msingi. Mama yako hakuwahi kunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

Na wewe unanunua Septemba, mwanangu. Dodoma inapata mvua msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Nyumba yoyote unayoitazama sasa hivi imekauka, imetulia, haina la kukuambia usipojua pa kuiuliza.

Mhandisi niliyemwona akifanya kazi hii hakuanza na nyumba. Alianza na ardhi. Alizunguka nje mara mbili bila kusema neno, akitazama maji yakija yatapita wapi, kama kuna korongo karibu, kama uwanja unainamia ukutani au unakimbia ukuta. Akachimba kidogo pembeni ya msingi aone rangi ya udongo, maana pale kwetu unaweza kukuta kichanga chekundu hapa, na mita mia mbele ni mbuga tupu. Ndipo akazitazama nyufa. Si kila ufa ni balaa. Ule mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni saruji iliyokauka haraka kwa jua letu. Anaoutafuta yeye ni ule wa mshazari, unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, mpana upande mmoja kuliko mwingine. Akiona sehemu ya ukuta imeskimiwa upya peke yake, anasimama hapo kwa muda. Anaweka pimamaji sakafuni, anafungua na kufunga kila mlango, anagonga tailizi kwa kifundo cha kidole asikie palipo na uwazi chini.

Halafu akapanda darini na tochi. Hapo ndipo mtu hujua kama fedha aliyomlipa mhandisi imefanya kazi. Anatazama kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kama zimepakwa dawa, kama kuna njia za udongo za mchwa zinazopanda kutoka ukutani, kama bati linapitisha mwanga kwenye matundu ya misumari, kama jipsamu ina madoa ya njano ya mvua iliyopita. Alifungua pia boksi la umeme kuona breka zinalingana na unene wa waya, na kama waya wa ethi, ule wa kupeleka hitilafu ya umeme ardhini, umefika ardhini kweli. Nimeona nyumba nzuri ambayo ule waya ulikatwa na kufichwa nyuma ya plasta.

Maji ni rahisi, hata wewe unaweza. Funga koki zote za nyumba, nenda katazame mita. Ikizunguka, kuna bomba linavuja mahali usipopaona. Kagua pia bomba za chuma na hita, maana maji mengi ya visima vya kwetu yana chumvi, na chumvi hula chuma polepole. Ukiona unga mweupe unatoka chini ya ukuta na rangi inabanduka, ni unyevu na chumvi vinapanda kutoka msingini.

Uliandika kwamba ukaguzi ni mambo ya Marekani. Kweli kule ni kazi yenye jina lake, na mnunuzi huweka sharti la ukaguzi kabla ya kufunga mkataba. Huku kwetu tafuta mhandisi wa majengo, mwombe namba yake ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mkubaliane bei na kwamba atakupa ripoti ya maandishi yenye picha. Asiwe ameletwa na dalali, na asijitolee kuifanya hiyo kazi ya marekebisho yeye mwenyewe. Uwepo siku hiyo, tembea naye, uliza. Saa mbili au tatu zinatosha kwa nyumba ya vyumba vitatu.

Usimdai asichoweza. Havunji ukuta, kwa hiyo kilichozikwa ndani ya zege hakioni. Hatakuambia nunua au usinunue. Atakuambia hili ni hatari sasa, hili litengenezwe mwaka huu, hili liangalie. Kuamua ni kwako: uombe bei ipungue, umtake muuzaji atengeneze kwanza, au uondoke. Na habari za hati hajui chochote. Hiyo ni safari ya ofisi ya ardhi ya Jiji. Viwanja vingi vya Dodoma vilitolewa na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwa miaka 33, na baada ya CDA kuvunjwa mwaka 2017 hati zikaanza kutolewa za miaka 99. Uliza hiyo ya Mkonze ni ipi, na kama mipaka yake ina bikoni, yale mawe ya alama za kiwanja.

Usiogope kwamba muuzaji ataona unamtukana. Sisi tulipouza ile ya Chang'ombe, tulimwita mhandisi kabla hata ya kumwambia dalali. Alikuta gata limeoza na maji yanashuka msingini, na ufa mmoja nyuma ya jiko. Gata tulilibadilisha. Ufa tuliuacha wazi bila kuupaka rangi, na ripoti tukampa kila aliyekuja. Wawili waliondoka. Wa tatu alisoma, akaleta mhandisi wake, wakaona yale yale, akalipa karibu na bei tuliyotaja, na mpaka leo akiniona sokoni ananisalimia kwa heshima. Muuzaji mwenye nyumba safi anaacha umeme umewashwa, maji yanatoka, na funguo zote mezani.

Ndiyo maana ile stoo ya nyuma ya nyumba ya Mkonze inanisumbua. Umesema imefungwa na ufunguo uko kwa kaka yake muuzaji, Singida. Ipo upande ambao uwanja unainama. Nitapanda basi la asubuhi Jumamosi, mhandisi nimeshaongea naye, tutakutana Mkonze saa nne. Mwambie muuzaji kwa upole kwamba tutahitaji ufunguo huo. Usipopatikana hadi Jumamosi, malipo ya awali yasitoke, hata dalali apige simu mara kumi.

Mama yako ametuma karanga na ubuyu, nitakuja navyo.

Baba yako